Kubadilisha sili ya krenki inayovuja kwenye injini ya mashine ya kusaga: mwongozo kamili

Ukizunguka vijiji vya Newala, Tandahimba, Masasi hadi Nachingwea, injini utakayoikuta kwenye vibanda vya kusagia inafanana: dizeli ya silinda moja iliyolala, hopa ya maji juu, flaiwili kubwa, lile gurudumu zito la chuma, ubavuni. Ni zile za Kichina za jamii ya S195 na ZS1115. Ni injini ngumu, zina spea, na fundi yeyote mwenye subira anaweza kuzifungua. Lakini zina ugonjwa mmoja ambao watu wameuzoea mno: oili kuvuja upande wa flaiwili.

Wengi huweka kopo chini, wakaendelea kusaga. Mimi sikubaliani na kopo hilo. Oili ikirushwa na flaiwili inafika kwenye mkanda, mkanda unateleza, na mpira wake unavimba na kuoza. Inafika sakafuni, mahali mama alipotua beseni lake la makopa. Unga ule unapikwa ugali na kuliwa na watoto, kwa hiyo kibanda cha kusagia ni sehemu ya jiko la kijiji. Na injini yenyewe, ikipungukiwa oili siku ya foleni ndefu, itakula krenki, yaani shafti kuu ya injini, na bushi ambamo krenki inazunguka, na hapo gharama ni nyingine kabisa.

Sili, ile pete inayozuia oili pale krenki inapotokea nje ya injini, ni spea ndogo na ya bei nafuu. Shida ni kwamba watu huibadilisha bila kuuliza kwa nini ya kwanza iliharibika, na baada ya muda mfupi mpya nayo inavuja. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kutafuta sababu. Ukishaipata, kufunga sili mpya ni kazi ya kawaida.

Hakikisha kwanza kuwa ni sili

Zima injini, iache ipoe. Toa mkanda, kisha osha upande wote wa flaiwili kwa brashi na mafuta ya taa au dizeli, ukaushe kwa kitambaa. Petroli usiitumie. Ndani ya kibanda kuna vumbi la unga, kuna ekzosi ya moto, na mvuke wa petroli unangoja cheche moja tu.

Chuma kikishakauka, paka chaki iliyosagwa au unga laini kwenye mfuniko wa beringi ya krenki, kuzunguka ukingo wa gasketi yake, na chini ya pampu ya dizeli. Paka kidogo kwa kidole, ushike kwenye chuma. Washa injini bila mzigo kwa dakika kumi hivi, zima, kisha chukua tochi uangalie palipolowa.

Oili ikitoka kwenye sili utaiona ikianzia katikati, pale shafti inapotokeza. Mzunguko unaitupa nje, kwa hiyo inachora duara upande wa ndani wa flaiwili na kurukia ukuta au tangi. Ikitoka kwenye gasketi ya mfuniko, inateremka taratibu kwenye mwili wa injini na flaiwili inabaki kavu. Pengine utakuta si oili kabisa, ni dizeli kutoka kwenye paipu ya nozeli au kwenye pampu: ni nyepesi na harufu yake haifichiki. Angalia pia shafti ya kuingizia hendeli upande wa pili, maana nayo ina sili yake.

Kwa nini imeanza kuvuja

Sili ni pete ya chuma iliyovikwa mpira, yenye mdomo mwembamba unaobanwa kwenye shafti na springi ndogo ya duara. Mdomo huo unaelea juu ya utando mwembamba wa oili na kuizuia isipite. Haikutengenezwa kuzuia presha. Ukiielewa hivyo, utajua pa kuanzia.

Anza na briza, yaani njia ya injini kupumulia. Pistoni inapofanya kazi, moshi kidogo hupenya kwenye ringi na kuingia kwenye chumba cha krenki. Moshi huo lazima upate njia ya kutoka. Kwenye injini hizi kuna kivalvu kidogo kinachoruhusu hewa itoke na kuizuia isirudi, ili ndani ya chumba kuwe na mvuto hafifu unaoivuta oili ibaki ndani. Vumbi jekundu la uwanda wa Makonde likichanganyika na unga na mvuke wa oili, linakuwa tope linaloziba kivalvu hicho. Presha inapanda, na oili inatafuta mlango rahisi, ambao ni sili. Fungua briza, ioshe kwa mafuta ya taa, hakikisha kivalvu kinacheza na kimekaa upande wake sahihi. Ziko injini zilizoacha kuvuja kwa kazi hii tu, bila kununua chochote.

Kisha pima oili. Injini iwe imezimwa na imekaa sawasawa. Oili iliyozidi alama ya juu hupigwa na krenki ikawa povu, na povu hilo hujaa kwenye sili. Kama hukuongeza oili lakini kimo kimepanda, nusa stiki ya kupimia oili. Ikinuka dizeli, pampu inavujishia ndani, oili imekuwa nyepesi, na bushi ziko hatarini. Tengeneza pampu kwanza.

Tatu, ringi. Injini ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha kujazia oili. Moshi mwepesi ni kawaida. Ukitoka kwa nguvu, ukipuliza kama bomba, ringi za pistoni na slivu, lile bomba ambamo pistoni inacheza, zimechoka. Sili mpya hapo itasaidia kwa muda tu, na mwenye mashine aambiwe ukweli huo kabla hajatoa pesa.

Nne, bushi za krenki. Mkanda ukiwa umetolewa, ingiza gongo la mti chini ya flaiwili, inua kidogo na uachie, huku kidole chako kikiwa pale shafti inapotokea kwenye mfuniko. Uwazi wa kawaida kati ya krenki na bushi ni mdogo mno, huwezi kuuona kwa jicho. Ukihisi shafti inapanda na kushuka, au ukisikia inagonga, bushi imelika. Mdomo wa sili hauwezi kuifuata shafti inayoruka. Badilisha bushi na sili pamoja.

Na bushi mara nyingi inaliwa na mkanda. Naomba wenye mashine walisome hili mara mbili. Mkanda ukiteleza, mwendeshaji huisogeza injini nyuma na kukaza zaidi, kisha zaidi. Krenki inavutwa upande mmoja siku nzima, bushi inalika upande huo, na sili inaachia upande wa pili. Bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili: unatakiwa ushuke kama milimita 15 kwa kila mita moja ya umbali kati ya puli hizo. Vuta uzi usoni mwa puli zote mbili uone kama zimenyooka. Mkanda uliokazwa sawasawa na bado unateleza umechoka au umelowa oili. Nunua mwingine.

Kununua sili

Usiende dukani na jina la injini pekee. Nenda na sili ya zamani, au na vipimo vyake. Juu yake kuna namba tatu: ukiona 50×70×10, kwa mfano, ina maana tundu la ndani ni milimita 50, upana wa nje ni 70, na unene ni 10. Kama namba zimefutika, pima shafti na tundu la mfuniko kwa venia kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita.

Kwenye maduka ya spea ya Mtwara mjini au Masasi utaonyeshwa sili za bei mbalimbali. Ishike mkononi. Mdomo uwe laini mzunguko wote, usiwe na kinyuzi cha mpira kilichobaki. Springi ikae kwenye mfereji wake. Maandishi yasomeke. Mpira uliokaa sana juani ukiubinya unakuwa mgumu, na ukiupinda unaonyesha nyufa ndogo. Mpira wa kawaida, unaoitwa NBR, unastahimili joto la kama nyuzi 100, na unatosha kwa injini hizi. Ule wa FKM unafika kama nyuzi 200 na ni ghali zaidi. Usiutambue kwa rangi, soma maandishi.

Angalia pia kama kuna mshale. Baadhi ya sili zina mistari midogo ya mshazari chini ya mdomo, inayoirudisha oili ndani shafti inapozunguka upande mmoja tu. Mshale ulingane na mzunguko wa krenki yako. Isiyo na mshale inakubali pande zote.

Wakati huohuo nunua gasketi ya mfuniko wa beringi, washa ya kufungia nati ya flaiwili, na oili mpya ya kutosha. SAE 40 au 15W-40 ya dizeli inafaa kwa joto la huku kwetu.

Kung'oa flaiwili

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo twende polepole. Funga bomba la dizeli. Kama injini ina stata, toa waya wa betri. Kazi hii inataka watu wawili wenye nguvu, maana flaiwili ni chuma cha kusubu, nzito kiasi cha kuvunja mguu.

Mwaga oili ikiwa bado na uvuguvugu, uikinge kwenye dumu. Ipitishe kwenye kitambaa cheupe uone kama kuna chembe za chuma. Chembe zinazong'aa rangi ya shaba zinakuambia bushi inalika. Maji ya hopa yaache yalivyo, huhitaji kuyamwaga kwa kazi hii, na anayeishi uwandani Newala anajua ndoo moja ya maji inavyopatikana.

Fungua puli iliyoshikizwa kwenye flaiwili. Katikati utaona nati kubwa, na chini yake washa iliyokunjwa ukingo ili nati isilegee. Nyoosha mkunjo huo kwa patasi butu. Chunguza nyuzi za nati zinaelekea upande gani kabla ya kutumia nguvu.

Tumia spana nzito ya kupigwa nyundo inayoingia nati vizuri. Usizuie flaiwili kwa kuingiza mtaimbo kati yake na mwili wa injini, utapasua kimoja kati ya hivyo viwili. Uzito wa flaiwili wenyewe unatosha kuizuia: piga mpini wa spana kwa nyundo kubwa, pigo fupi na kavu, na nati itaachia kabla flaiwili haijapata muda wa kuzunguka.

Nati ikilegea, usiitoe. Irudishe nyuma mizunguko michache, iache ikiwa imeshika. Flaiwili imekaa kwenye ncha ya krenki yenye umbo la koni, na koni hiyo inapoachia huwa inaachia ghafla, kwa kishindo. Nati ndiyo inayoizuia isikurukie.

Sasa funga pula, kifaa cha kung'olea flaiwili, kwenye matundu yenye nyuzi ya flaiwili, yaleyale yaliyoshika puli. Kaza bolti za pembeni sawasawa, kisha kaza ile ya katikati hadi iwe ngumu, na ugonge kichwa chake mara moja kwa nyundo. Kama haijaachia, kaza tena robo mzunguko, gonga tena. Usiigonge flaiwili yenyewe ukingoni, chuma cha kusubu hupasuka, na flaiwili yenye ufa ikifungwa ikazungushwa kwa kasi inaweza kuua.

Ikiachia, toa pula na nati, kisha mbebe flaiwili wawili, mmoja kila upande, muilaze juu ya mbao. Chukua ile kii, kipande cha chuma kinachoifunga flaiwili na krenki, ukiweke mfukoni kisipotee. Kama kimelika au kina alama ya kukatwa, kibadilishwe.

Kutoa sili ya zamani

Kwanza andika au piga picha ya simu: sili imeingia kina gani, na upande upi umetazama nje.

Kama bushi ni nzima, unaweza kuitoa bila kufungua mfuniko. Toboa matundu mawili madogo kwenye uso wa chuma wa sili, yakitazamana, kwa dreli ya mkono yenye ncha iliyopakwa grisi ili unyoya wa chuma ushike humo. Usizame sana, milimita mbili tatu zinatosha. Ingiza skrubu za kujikata, kisha zivute kwa koleo, upande huu kidogo, upande ule kidogo, mpaka itoke. Wako wanaotumia bisibisi kama wenzo juu ya shafti. Mkwaruzo mmoja wa bisibisi kwenye uso wa krenki unatosha kuifanya sili mpya ivuje tangu siku ya kwanza.

Kama unabadilisha bushi pia, fungua bolti za mfuniko wa beringi na uutoe mzima, sili ikiwa ndani. Kumbuka kwamba unene wa gasketi ya mfuniko ndio unaoamua krenki inacheza kiasi gani mbele na nyuma. Ukiweka mbili krenki itacheza mno, ukiacha kuweka itabana. Rudisha unene uleule.

Ukimaliza, ziba uwazi kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi.

Uso wa krenki

Safisha shafti na upitishe ukucha pale mdomo wa sili ulipokuwa unasugua. Ukiona mstari unaong'aa tu na ukucha hauzami, uko salama. Kutu au mikwaruzo midogo isugue kwa msasa laini, namba 400 kwenda juu, uliolowa oili, ukiuzungusha kufuata shafti. Usisugue kwa kwenda na kurudi, kwa sababu kila mkwaruzo wa urefu ni njia ya oili.

Ukucha ukizama, kuna mfereji. Vumbi la mchanga lililonaswa kwenye mdomo wa sili limekuwa likikereza krenki taratibu. Dawa ya kwanza ni kuisogeza sili mpya milimita moja au mbili, ndani au nje ya pale ilipokuwa, ili mdomo ukae kwenye chuma kizima. Hakikisha tu nafasi ipo na haizibi tundu la kurudishia oili. Mfereji ukiwa mkubwa, iko pete nyembamba ya chuma cha pua, unene wake ni kama robo ya milimita, inayovikwa juu ya shafti na kufunika jeraha, na sili ileile inaendelea kutumika. Ikikosekana, krenki inatolewa na kupelekwa kwa fundi wa kukereza vyuma. Kupaka silikoni kuzunguka mdomo wa sili ni kuharibu kazi: inaganda, inakatika, na vipande vinaingia kwenye oili.

Kuingiza mpya

Safisha tundu la mfuniko mpaka kidole kisihisi kitu. Kama ukingo wa nje wa sili ni chuma kitupu, paka silikoni ya gasketi nyembamba sana. Kama umevikwa mpira, paka oili kidogo tu.

Jaza grisi kidogo kwenye mfereji wa springi isije ikachomoka kwa kishindo cha nyundo. Paka oili ya injini mdomoni. Sili ya mpira isifungwe kavu, itaungua dakika ya kwanza. Upande wenye springi unatazama ndani, kwenye oili. Kama ina mdomo wa pili mdogo wa kuzuia vumbi, huo unatazama nje, nawe weka grisi kati ya midomo hiyo miwili. Kwa barabara zetu za kiangazi, grisi hiyo ndiyo inayokamata mchanga.

Kabla hujaivusha, funika nyuzi za krenki na mfereji wa kii kwa utepe mwembamba au kipande cha plastiki laini kilichokatwa kwenye chupa ya maji. Kingo hizo ni kali, na mdomo wa sili ukikatika hutaona mpaka ivuje.

Isukume kwa vidole hadi ikae sawa mzunguko wote. Kisha tafuta kipande cha bomba chenye upana uliokaribia ukingo wa nje wa sili, uso wake ukiwa umenyooka, na ugonge kwa nyundo ya mbao pole pole: juu, chini, kushoto, kulia. Ikianza kuingia upande, simama, inyooshe, endelea. Pima kina kwa venia sehemu nne, zilingane. Toa kitambaa ulichozibia mapema kabisa kabla sili haijafunga njia, na hakikisha hakuna kilichobaki ndani.

Kurudisha na kujaribu

Koni ya krenki na tundu la flaiwili vifutwe vikauke kabisa. Hapo hapapakwi oili wala grisi, msuguano wa chuma kwa chuma ndio unaoshika. Weka kii, inua flaiwili, isukume ikae. Weka washa mpya, kaza nati kwa spana na nyundo hadi mlio wa pigo ubadilike ukawa mkavu na nati isisogee tena, au kwa kipimo cha kitabu cha injini kama unacho. Kunja ukingo wa washa juu ya bapa la nati. Hatua hii isirukwe.

Jaza oili hadi kati ya alama mbili za stiki. Funga puli, ila mkanda usiuweke bado. Zungusha kwa hendeli mizunguko kadhaa huku ukiwa umeachia kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), usikilize. Kisha washa, bila mzigo, dakika kumi, watu wasimame mbali na mstari wa flaiwili. Zima, angalia kwa tochi. Unyevu hafifu mdomoni mwanzoni si ajabu, ile ni oili uliyoipaka. Tone linaloning'inia halikubaliki.

Weka mkanda, saga kwa nusu saa, angalia tena. Baada ya siku ya kwanza ya kazi, nyoosha washa, kaza nati ya flaiwili upya, ukunje tena, na ukaze bolti za msingi wa injini. Oili chafu iliyoko kwenye dumu usiimwage nyuma ya kibanda, hasa pale watu wanapokinga maji ya mvua. Ihifadhi hadi upate wa kuichukua.

Kwa boti na magari

Injini hizihizi zikifungwa kwenye boti za Mikindani au Kilwa, adui ni chumvi. Kutu inaanza pembeni mwa mdomo wa sili injini ikikaa bila kuwashwa. Izungushe mara kwa mara hata kama huendi baharini, na sehemu ya shafti iliyo nje ipake grisi.

Kwa Fuso zinazobeba korosho na pikapu za dizeli, sababu za kuvuja ni zilezile na uchunguzi ni uleule, ila sili ya nyuma inataka giaboksi, klachi na flaiwili vitoke, kwa hiyo ukifika huko angalia pia diski ya klachi na rilizi beringi, ile inayoachia klachi. Bolti za flaiwili zikazwe kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha gari husika. Na kama sili mpya ina mdomo mpana mweupe au wa kijivu usio na springi, huo ni wa PTFE, aina ya plastiki: unafungwa mkavu, bila oili wala grisi, kwa kutumia pete ya plastiki inayokuja nayo, na gari liachwe bila kuwashwa kwa muda usiopungua saa 4 ili mdomo uikumbate shafti.